Betri Iliyo Ndani ya Boksi Lisilofunguliwa

Tarehe 9 Julai 2021, nakala moja ya The Legend of Zelda, ile ya mashine ya NES, iliuzwa kwa dola 870,000 katika mnada wa Heritage Auctions, Marekani. Siku mbili baadaye, kwenye mnada huohuo, Super Mario 64 ikaipita mbali: dola milioni 1.56. Zote mbili zilikuwa hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani. Na wala si gemu adimu. Mario 64 iliuza zaidi ya nakala milioni 11 duniani. Ukitaka kuicheza leo, katriji tupu bila boksi utaipata kwa bei ya raba za mtumba zilizo katika hali nzuri.

Basi kilichonunuliwa pale ni nini? Ni nailoni. Kampuni inayopima gemu hizi, Wata, hutoa alama mbili: nambari kwa ajili ya boksi, herufi kwa ajili ya nailoni iliyolizunguka. Mario ile ilipata 9.8 A++, maana yake kona za boksi zimekaa vizuri na nailoni haijachanika. Gemu yenyewe haina alama. Hakuna anayeuliza kama inawaka, kwa sababu siku utakayojaribu kuiwasha ndiyo siku thamani yake itakapoporomoka.

Napenda kuusoma upimaji huu kama tunavyosoma uhakiki wowote, kwa kuwa ndivyo ulivyo: unatuambia kipi kina thamani na kwa nini. Na naona ni uhakiki mbovu. Ni sawa na mtu kusifia riwaya kwa unene wa jalada, kisha akatuonya tusithubutu kuifungua.

Tuirudie ile Zelda. Ndani ya katriji yake kuna betri ndogo ya duara, ya aina ileile unayoikuta kwenye bodi ya kompyuta. Kazi yake ni kutunza safari ya mchezaji: umefika wapi, umepata upanga gani, una mioyo mingapi. Kwa wakati wake hilo lilikuwa jambo kubwa. Gemu ilikuwa ndefu kiasi kwamba huwezi kuimaliza kwa kikao kimoja, ikahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ikahitaji umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ililehemiwa kiwandani na tangu siku ile inafanya kazi, nailoni ipo au haipo. Mtu amelipa dola 870,000 kwa kitu kinachoitwa kipya kabisa, na katikati ya kitu hicho kuna moyo unaozeeka bila mtu kuuona. Kuubadilisha ni kazi ya dakika kumi na risasi kidogo ya kulehemu. Ila kwanza lazima uchane nailoni.

Fundi anaanzia pale mpimaji anapoishia. Chukua NES yenyewe. Japani ilitoka mwaka 1983 kwa jina la Famicom, na katriji iliingizwa kwa juu, basi. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985, soko la gemu huko lilikuwa limeanguka vibaya na wenye maduka hawakutaka kulisikia neno hilo. Mashine ikavishwa umbo la deki ya video: unafungua mlango mbele, unasukuma katriji ndani, unaikandamiza chini. Umbo hilo liliwatuliza wenye maduka likawatesa watoto. Ndani kuna soketi yenye pini 72, na kwa kukandamizwa kila siku pini hupinda na kulegea. Ndipo kizazi kizima kikajifunza kupuliza katriji kwa mdomo. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Pumzi yenyewe ilikuwa inapeleka unyevunyevu kwenye shaba na kuiharibu polepole.

Ila taa ile nyekundu iliyokuwa ikiwaka na kuzima, kila sekunde moja hivi, ina hadithi nyingine. Ndani ya mashine kuna chipu moja, na ndani ya kila katriji halali kuna mwenzake. Zinasemezana. Zisipoelewana, kwa sababu katriji si ya Nintendo au kwa sababu tu pini imelegea, chipu ya mashine inaamuru kila kitu kianze upya, tena na tena. Mafundi waligundua kwamba ukikata mguu wa nne wa chipu hiyo, mashine inatulia na kucheza chochote unachoipa. Sijui maelezo yoyote ya kitabuni kuhusu kampuni ile yanayonishawishi kama mguu huo wa nne. Tatizo walilodhani ni vumbi lilikuwa, kwa sehemu kubwa, mlinzi wa getini aliyewekwa kuzuia watengenezaji wasio na leseni, na mlinzi huyo hakuwa na uwezo wa kutofautisha mwizi na mteja mwenye pini chafu. Hilo huwezi kulisoma ukiwa nje ya boksi.

Mifano ipo tele. Game Gear ya Sega ya mwaka 1990 ilijaa kapasita ndogo ambazo baada ya miaka huvuja, sauti ikafifia na skrini ikapauka. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, ina kapasita ya saa ambayo ikivuja huila bodi taratibu, na karibu matoleo yake yote yana ugonjwa huo. Kwa hiyo mkusanyaji anayetaka Game Gear yenye kila kipande cha asili anataka, bila kujua, mashine bubu. Uasili na uhai havikai pamoja humo, lazima uchague. Sokoni wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wana neno lao la adabu, “haijajaribiwa”, ambalo kwa kawaida humaanisha imejaribiwa ikagoma.

Wakusanyaji nao wana haki yao. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia rasmi, na mwaka huohuo Nintendo ikafunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U. Kampuni zenyewe si watunzaji wa kutegemewa. Kuna pia ile mashine ya majaribio ya Nintendo na Sony, kutoka siku ambazo wawili hao walikuwa bado wanashirikiana. Iliibuka ndani ya vitu vilivyonunuliwa mnadani kwa dola 75, wenyewe wakaizungusha kwenye maonyesho watu waiguse, na Ben Heckendorn, fundi wa Marekani, akahangaika nayo mpaka sehemu yake ya sidii ikafanya kazi. Mwaka 2020 iliuzwa dola 360,000 ikiwa imeshafunguliwa, imeshalehemiwa, imeshachezwa. Mkusanyaji wa namna hiyo namvulia kofia.

Lakini kipimo cha mnada kinaacha nje mashine nyingi zaidi ya hizo, na zilizo nyingi kwetu ni PlayStation 2. Dunia nzima ilinunua zaidi ya milioni 155. Wengi wetu haikutulea sebuleni. Ilitulea kibandani, kwa kulipia mechi, na wengine wamepanga foleni nyuma wakikuombea ufungwe. Mashine ya kibandani haina boksi. Mara nyingi haina hata kifuniko, juu yake imefungwa feni ya kompyuta kupambana na joto. Lenzi ilipochoka, fundi alizungusha kiskrubu kidogo kuiongezea nguvu, ikasoma kwa miezi, ikachoka tena. Mwisho lenzi ikaachwa, gemu zikahamia kwenye flashi, zikifunguliwa na programu iliyowekwa ndani ya memori kadi. Video ya mwanzo inakatakata kwa sababu tundu la USB la mashine ile ni la polepole. Mechi yenyewe inakwenda vizuri, na mechi ndiyo iliyolipiwa.

Wapimaji wasingeipokea mezani. Mimi naiona ni andiko lenye tabaka nyingi kuliko Mario yoyote ya nailoni. Feni inaeleza joto la kibanda cha bati. Flashi inaeleza bei ya diski halisi na umbali wetu na duka lake. Pedi iliyofutika alama za vitufe inaeleza ni kitufe gani cha kupiga shuti kilichokandamizwa na watoto wa mtaa mzima.

Nisimpambe fundi kupita kiasi. Yeye huua mashine tatu apate moja nzima. Haandiki popote alichobadilisha. Fundi mmoja wa Kariakoo nilimwuliza bodi aliyoshika ilitoka mashine gani, akacheka: “Kaka, hii ina baba wengi.” Makasha yaliyobaki huenda kwa mnunuzi wa skrepa kwa kilo. Kama kuna historia ya gemu Afrika Mashariki, sehemu yake inapimwa pale kwenye mizani, pamoja na mabati na vyuma vya feni.

Memori kadi ndizo zinazoniuma zaidi. Ya PS2 ina megabaiti 8 na haihitaji betri, kwa hiyo vilivyomo vinaweza kudumu. Kwenye kadi za vibandani zimo timu zilizopewa majina ya mitaa, wachezaji waliobatizwa majina ya utani ya watoto ambao sasa ni watu wazima, na ligi zilizoachwa katikati umeme ulipokatika. Muuzaji akipata mteja wa mashine iliyotumika, jambo la kwanza analofanya ni kuifuta kadi, ili mteja aione ni mpya.