Hema la Bwejuu na bomba lililokosekana

Mlioiangalia ile video ya hema la Bwejuu mpaka mwisho mtakuwa mmeliona kosa. Kijana anayetaka kulipoza hema ameshaliweka sanduku lake mchangani, kiyoyozi cha dirishani kimekaa ndani yake barabara, bomba limeshafungwa kwenye mdomo wa baridi na kuingizwa hemani. Mkononi amebakiwa na kipande cha pili cha bomba. Anakigeuza, anaangalia hema, kisha anakitupa kwenye buti la gari na kusema moja linatosha. Halitoshi. Kazi ya siku nzima iliharibikia pale, na haikuharibiwa na mikono, maana kijana ana mikono mizuri. Iliharibiwa na uamuzi.

Haki yake nampa: sanduku la plaiwudi limepigwa vizuri, matundu ya ubavuni ya kondensa yameachwa wazi yavute upepo, mgongo wa moto uko nje, sinia la maji halikutobolewa, na hema limewekwa chini ya kivuli cha mivinje. Sasa turudi kwenye bomba.

Kiyoyozi cha dirishani, kwa upande wa chumbani, kina mdomo unaotoa na wavu unaovuta. Nyumbani vyote viwili vinaangalia chumba kimoja. Hewa ileile inavutwa, inapita kwenye koili ya baridi, inaacha joto kidogo na maji kidogo, inarudi chumbani, inavutwa tena. Baada ya nusu saa mashine inafanya kazi na hewa iliyokwisha kukaushwa mara nyingi, na ndiyo maana mashine ndogo inaweza chumba. Pale Bwejuu mdomo uliunganishwa na hema, wavu ukaachwa nje. Kwa hiyo mashine ilikuwa inavuta hewa mbichi ya pwani, inaipitisha mara moja tu, inaisukuma hemani, na hema linaivujisha kwa zipu na mishono mpaka mchangani. Ni kuchota maji ya kisima kwa pakacha.

Chukueni jioni ya Februari, saa kumi, digrii 32, unyevu asilimia 70. Kaskazi ya kawaida kabisa. Kila kilo ya hewa hiyo imebeba gramu 21 hivi za maji. Ili mtu alale bila kujigeuzageuza tunataka digrii 25 na unyevu usiozidi asilimia 60, yaani gramu 12 kwa kilo. Feni ya mashine ya BTU 5,000 inapitisha karibu kilo 290 za hewa kwa saa. Basi kila saa inabidi ikamue lita mbili na nusu za maji, na juu yake ipunguze joto. Kazi hiyo inadai zaidi ya BTU 8,000, na karibu robo tatu yake ni ya maji, si ya joto. Mashine ina 5,000. Hakuna gundi, hakuna sponji, hakuna hema ghali litakaloziba pengo hilo, kwa sababu pengo limo kwenye hewa yenyewe inayoingia.

Mtasema kipimajoto kilisoma 23 na kila mtu akapiga makofi. Kilisoma 23 kweli. Lakini kiliwekwa wapi? Mdomoni mwa bomba. Hili nimeliandika hapa miaka na miaka na nitaliandika tena: anayepima kiyoyozi mdomoni anapima matumaini yake. Hewa iliyotoka pale ilikuwa na digrii 23 na imeshiba maji, na hewa iliyoshiba maji haikaushi jasho la mtu. Angalieni tena dakika za mwisho, yule mwenzake anapotoka hemani: kanzu imemganda mgongoni. Angalieni na bomba lenyewe linavyotiririsha matone nje. Mtu akilala humo ataamka na shuka nyevu na kifua kizito, na atasema viyoyozi vinamdhuru. Ni fukuto lilelile la nje, limepozwa kidogo tu. Mashine hiyohiyo ingevuta hewa ya hemani yenye digrii 26, mdomo ungesoma karibu 15, na hewa ile ingekuwa kavu.

Nilimpigia kijana simu, maana si haki kumsema mtu bila kumsikia. Alinipokea kwa adabu. "Shikamoo, ami. Mimi nilitaka hewa safi. Watu wawili wamefungiwa hemani, wakivuta pumzi zao wenyewe usiku kucha si vizuri. Halafu hewa ikisukumwa ndani, mbu hawaingii."

Hoja zake si za kitoto. Hema likijazwa, hewa inatoka kwa kila upenyo na mbu anakutana na upepo usoni. Lakini mtu mmoja anatosheka na kama lita saba au nane za hewa safi kwa sekunde. Wawili, kumi na tano. Mashine ile inasukuma karibu lita 70. Kijana amelipia hewa safi ya watu tisa ili walale wawili. Na hema la kitambaa halijawahi kuzibika hata likitaka: acha zipu wazi upana wa vidole vitatu, juu, penye wavu wa mbu, hewa ya watu wawili imepatikana.

Hiyo hewa safi aliyoitaka, je, ni safi? Itazameni video tangu pale anapowasha jenereta. Limewekwa hatua tano tu kutoka kwenye sanduku, upande wa bahari. Bwejuu iko mashariki ya Unguja, na kaskazi inatoka baharini. Moshi unakuja moja kwa moja kwenye wavu unaovuta, na wavu huo hauna kazi nyingine isipokuwa kuupeleka walikolala watu. Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kama wavu ungekuwa umefungwa kwa bomba la pili na kuvuta humohumo hemani, hatari isingekwisha, lakini isingekuwa na feni ya kuisukuma. Nilimwambia: "Mwanangu, kabla hujafanya chochote, lihamishe jenereta. Liende upande wa bara, mbali, hata ukinunua waya wa mita 20." Akanyamaza kidogo, akasema atalihamisha. Nashukuru.

Kuhusu umeme sitakaa sana, ijapokuwa wanaonisoma wanajua ninavyoumia. Mashine ni ya Marekani, volti 115, hezi 60, na imeshikizwa kwenye transfoma ya kushusha. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 ukiipa 50 zetu inazunguka pungufu kwa sudusi moja, inavuta ampea zaidi na inapata moto, na kapasita inakufa mapema. Tuache kuuza mashine hizo. Zitokazo Dubai zinatumia hezi kama zetu, shida yake ni ukubwa tu, maana jenereta dogo haliwezi kuamsha kompresa ya BTU 18,000.

Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili la maji ya hewani si jipya. Willis Carrier, mwaka 1902, hakuitwa kupoza watu. Aliitwa na kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambacho karatasi zake zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu, hata rangi za picha hazikutani mahali pake. Maji ya hewani ndiyo yaliyokuwa tatizo lake la mwanzo, na alianza kwa kuhesabu maji. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, sisi tunaoishi katikati ya bahari tunahesabu digrii peke yake.

Waliojenga Mji Mkongwe nao walijua, kwa njia iliyo kinyume kabisa. Hawakuwa na koili, kwa hiyo hawakujaribu kukausha hewa; waliipitisha. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, uani katikati, dari ndefu, madirisha marefu mpaka karibu na sakafu ili upepo umfikie aliyekaa kwenye mkeka. Vichochoro vinajitia kivuli vyenyewe. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, 1883, ilizungushiwa roshani pana kila ghorofa, jua lisiguse ukuta wa ndani. Nyumba nzima imefunguliwa kwa upepo kwa makusudi. Tukaja sisi, tukapiga lipu ya saruji juu ya chokaa, ukuta usipumue, tukaziba roshani, tukatoboa madirisha tukaning'iniza viyoyozi vinavyowadondoshea maji wapita njia. Nimeyasema haya mara nyingi na sijachoka. Lakini mnaona kanuni yao: ama unafungua, upepo upite, ama unafunga, uzungushe hewa uliyokwisha kuilipia. Hema la bomba moja limefunguliwa kama roshani na linalipiwa kama chumba kilichofungwa.

Wavuvi wa dago wako upande wa wajenzi hao. Banda la makuti ufukweni, ubavu wazi upande wa upepo, mtu analala vizuri bila senti ya mafuta. Nani basi anahitaji kiyoyozi hemani? Anayelala porini wakati wa maleleji, kaskazi imekata na kusi haijaingia, jani halitikisiki. Mzee. Mwenye mtoto mchanga. Mgonjwa.

Mgonjwa ndiye anayenikumbusha fundi mmoja wa Vikokotoni, sasa marehemu, Mungu amrehemu. Umeme ulipokatika tarehe 10 Desemba 2009, kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010, katikati ya kaskazi. Watu walilala juu ya mapaa, barazani, uani. Mama mkwe wake alikuwa hawezi kutolewa kitandani. Fundi alikuwa na jenereta dogo na kiyoyozi kidogo cha dirishani, na chumba cha Mji Mkongwe chenye dari ya futi 14 kilikuwa kikubwa mno kwa mashine ile. Hakutafuta mashine kubwa. Alikipunguza chumba. Alifunga turubai juu ya nguzo za kitanda, likaning'inia pande zote mpaka sakafuni, hema ndani ya nyumba. Mashine akaiacha dirishani, mgongo nje. Kutoka kwenye mdomo alishona mkono wa kitambaa cha koti la mvua, ndani yake pete za waya ili usikunjane, ukaingia kichwani pa kitanda. Kutoka kwenye wavu wa kuvuta alishona mkono wa pili, mpana kuliko wa kwanza, ukaingia miguuni.

Nilimuuliza kwa nini wa kurudi ni mpana. Akaniambia feni inasukuma kwa nguvu lakini inavuta kwa shida. Ukiibana pumzi, koili inaganda barafu. Sikuliona hilo kwenye kitabu chochote mpaka miaka mingi baadaye. Alipotaka kujua kama kazi imefaa hakuweka mkono kwenye baridi. Aliinama miguuni pa kitanda, akatia kiganja kwenye mdomo wa kurudi, akasubiri. Hewa inayorudi ilipokuwa kavu na imepoa, akainuka. Jenereta lilikuwa juu ya paa, upande ambao upepo ulikuwa unatoka nyumbani kwenda baharini. Mama yule alilala usiku ule, na usiku uliofuata, mpaka umeme uliporudi.

Nilimsimulia kijana wa Bwejuu kisa hiki kwenye simu. Aliniambia bomba la pili linakula nafasi kwenye buti, na hapo nikaelewa kuwa hata hewa safi haikuwa sababu yake ya kweli, ilikuwa nafasi. Bomba lake ni la bati la kukunjika, gumu, kweli linakula nafasi. Mkono wa kitambaa wenye pete za waya ukiubonyeza unakaa kama kofia zilizopangwa, unaingia kwenye mkoba wa sokoni. Ataka mita tatu, kipenyo kikubwa kuliko kile cha mdomo, sehemu ya kufungia kwenye wavu iwe na mpira usiovuja. Midomo miwili isikae karibu hemani, baridi itarudi kabla haijazunguka: wa kutoa juu upande mmoja, wa kuvuta chini upande wa pili.

Alisema atajaribu tena kabla ya masika, na atapiga video. Nimemwomba kitu kimoja tu, kipimajoto kiwe miguuni pa kitanda, kwenye mdomo wa kurudi, na kiwe kile kinachosoma unyevu pia. Ule mkono mpana wa fundi nilipewa baada ya yeye kufariki, nao uko kwangu kwenye kikapu, kitambaa bado kizima, pete mbili zimeshika kutu. Nimemwambia aje auchukue kipimo.