Proksi si seva

Tangu Zabbix 7.0 ilete vikundi vya proksi, nawasikia mafundi wakisema suala la seva nyingi limekwisha. Halijaisha. Liliharibiwa mwaka 2014, toleo la 2.4 lilipofuta nodi, na uamuzi ule ulikuwa mbaya.

Mliozitumia mnakumbuka. Kila nodi ilikuwa seva kamili yenye hifadhidata yake, triga zake na arifa zake. Nodi mama ilituma mabadiliko ya hosti na templeti kwa nodi mtoto, mtoto naye akarudisha ya kwake, na kila rekodi ilibeba namba ya nodi ndani ya kitambulisho chake ili zisigongane. Laini ikikatika, tawi liliendelea kupima, kuamua na kumwamsha fundi wake.

Ulandanishi ulikuwa mzito, nakubali. Lakini paa likivuja hubomoi nyumba. Watengenezaji wa Zabbix walibomoa, kisha wakatuelekeza kwenye proksi. Na proksi haiamui chochote: inakusanya vipimo, inavitunza, inasubiri seva. Triga hukokotolewa kwenye seva, arifa hutoka huko huko. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti yetu kuyumba, proksi yoyote ya Dar es Salaam iliyopoteza seva yake iliyoko Ulaya ilikuwa na ushahidi wote kwenye diski, na simu ya fundi haikulia. Switichi imekufa chumba cha pili, habari inangoja kebo ya baharini!

Anayetaka seva mbili kamili zenye usanidi mmoja ameachiwa kusafirisha templeti kwenye faili na kuzipakia upande wa pili, au kujiandikia skripti ya API, huku akiomba mwenzake asiwe amezihariri. Nodi za HA (seva za akiba) zilizoletwa na 6.0 nazo zinategemea hifadhidata moja, na inayofanya kazi ni moja tu.

Kwenye HP OpenView Operations kuhamisha usanidi kati ya seva lilikuwa jambo la kawaida. opccfgdwn ilishusha usanidi kwenye faili, opccfgupld ikaupandisha kwenye seva nyingine, nawe ulichagua kuongeza vipya tu au kubadilisha vilivyopo. Kwa Nagios tulitumia rsync, kisha nagios -v kabla ya kuwasha upya, na kosa la nukta likaonekana kabla halijaumiza mtu. Ndiyo maana bado natetea faili za maandishi.

Icinga 2, ya mwaka ule ule 2014, ilifuata njia hiyo: usanidi unaandikwa kwenye zones.d ya masta mmoja, setilaiti zinapokea, na tangu 2.11 zinaukagua kwanza kabla ya kuutumia. Masta akipotea, setilaiti inaendelea kupima, na ukiiwashia arifa inazituma yenyewe.

Zabbix 6.4 ilishusha muda wa proksi kupokea usanidi hadi sekunde 10, kazi nzuri. Lakini mpaka proksi ipewe triga na arifa zake, mwenye tawi lenye laini mbovu aweke Icinga.