Chovya Chovya: Kosa ni la Asali au la Mkono?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, methali ni mali tuliyorithi kwa wazee wetu, na mali ya urithi haifai kutumiwa bila ya kuhesabiwa. Leo napenda tuihesabu methali moja isiyokosekana katika nyumba za Waswahili, tangu Lamu mpaka Kilwa, na hata huku kwetu bara: “Chovya chovya humaliza buyu la asali.” Mama humwambia mwanawe aombaye senti za kashata. Mume humwambia mkewe atajaye doti ya kanga. Babu naye humwambia kila apitaye mbele yake. Kwa namna inavyotumiwa, methali hii imekuwa bakora ya kumchapia kila mwenye kutaka kuonja. Mimi nasema kwamba wenye kuitumia hivyo hawakuisoma sawasawa, na kwamba kwa kuisoma vibaya tumewafanya watu wengi washindwe kuweka akiba, na hali sisi twadhani tunawasaidia.

Naandika haya nikiwa Itetemia, katika viunga vya mji wa Tabora, penye ikulu ya Watemi wa Unyanyembe. Nyinyi wenzetu wa pwani mna bahari na nazi. Sisi tuna msitu wa miombo na nyuki. Kwa hiyo katika jambo la asali tukubalieni tutoe ushahidi. Mizinga ya magome ya miti hutundikwa juu matawini, na musimu ukifika mrina asali hupanda na moshi wake. Mrina mwenye akili hakombi kila kitu. Huyaacha masega mengine ili nyuki wasihame. Huteremka na asali, watoto wake humngojea chini ya mti, nao hupewa sega watafune hapo hapo. Inayobaki hutiwa chomboni na kufungwa. Hakuna mrina niliyemwona akiwanyima wanawe sega lile, na hakuna niliyemwona akiwaachia chombo kizima. Hayo mawili ndiyo maana ya methali yetu, kwa mwenye kutazama.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Methali haikusema “kuonja humaliza buyu”, wala haikusema “kula humaliza buyu”. Imesema “chovya chovya”. Neno limetajwa mara mbili, na Kiswahili hakirudii neno bure. Mtu apitaye si sawa na mtu apitapitaye. Wa kwanza ana safari, wa pili hajulikani anatafuta nini. Hivyo basi lililolaumiwa ni tendo lisilo na saa wala kiasi. Tena kuchovya ni kwa kidole. Mwenye kupakua kwa kijiko anajua amepakua vijiko vingapi, lakini mwenye kuchovya hajui, na aghlabu hataki kujua. Methali imelaumu kutokuhesabu. Furaha haikuitaja kwa ubaya hata kidogo, kwani asali isiyoliwa kabisa na mtu yeyote ina faida gani kuwekwa?

Wako wanaoikimbilia methali nyingine: “Akiba haiozi.” Nayo ni kweli, lakini kwa sharti. Asali iliyofungwa vizuri hukaa miaka bila ya kuharibika. Iliyoachwa wazi hunywa unyevu wa hewa na kuchacha. Na buyu lililo wazi kuliko yote katika zama zetu ni simu ya mkononi. Fedha zimo humo, mdomo wake hauna kizibo, na kidole kiko juu yake usiku na mchana. Mtu hutuma elfu mbili, kisha elfu tatu, kisha hununua salio, na mwisho wa mwezi huapa kwamba hakununua kitu. Hasemi uongo, maskini, amechovya tu.

Kwa upande wa pili kuna wanaosema “Ponda mali, kufa kwaja.” Hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima. Kufa kwaja, naam, lakini ada ya shule nayo yaja, na mvua yaja juu ya paa bovu. Na ukifa wewe, watoto wako hawafi siku hiyo hiyo. Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua alitaka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake. Mtume (s.a.w.) alimwekea mpaka wa thuluthi, na akamfundisha kwamba kuwaacha warithi wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono. Ikiwa sadaka imewekewa mpaka, itakuwaje anasa iachwe bila ya mpaka?

Iliyo karibu zaidi na haki ni “Haba na haba hujaza kibaba.” Twaisema kila siku, lakini wangapi wetu wanakumbuka kibaba kilikuwa na kazi gani katika njia hii ya Tabora? Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mizigo mingi ilikwenda mabegani mwa watu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Katika misafara ile kibaba cha nafaka ndicho kilichokuwa kipimo cha posho ya mpagazi kwa siku. Aliyekula posho ya siku tatu kwa siku moja alilala njaa porini. Lakini aliyejinyima kabisa hakuweza kuuinua mzigo wake alfajiri. Na msafara ulipokaribia mji, wapagazi walivaa nguo zao nzuri, ngoma zikapigwa na bunduki zikafyatuliwa, kwa kuwa furaha ilikuwa na siku yake. Njia hiyo ilibeba machozi ya watumwa pia, wala hatulifichi hilo. Lakini katika suala letu la leo, kibaba kinatufundisha kwamba kipimo kimoja kinamzuia mlafi na kinamlinda mwenye kujinyima.

Ndugu msomaji, nisije nikaonekana kuwa nawahukumu wengine. Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka 1993 nilikuwa kijana mwenye watoto watatu, nikisomesha chuoni na kulima karanga na mpunga. Paa letu lilikuwa bovu, nikanuia kuezeka bati. Nilinunua kopo, nikalitoboa tundu juu, na nikatangaza sheria: chai bila ya sukari, nyama hapana, na nguo mpya za Idi hapana. Kila aliyelalamika nilimsomea methali ya buyu. Tulikwenda hivyo miezi kumi na minne. Kisha nikaliangua kopo, nikaenda mjini kununua bati. Nilirudi jioni na redio, kanzu mbili, viatu, kilo nane za nyama na gunia la sukari. Bati hapana. Hakuna aliyenilaghai, nafsi niliyoifunga kamba ilikatika kamba, ikala kwa siku moja ilichonyimwa kwa miezi kumi na minne. Usiku ule mvua ilinyesha, tukahamisha mikeka pamoja na ile redio.

Mama watoto hakunigombeza. Alisema tu, “Mwalimu, sisi hatukushindwa kuweka. Tulishindwa kula.” Nimesoma vitabu vingi, lakini uhakiki wa methali ile kwa ufupi namna hiyo sijauona kitabuni.

Tukaanza upya kwa shauri lake. Tulipata makopo mawili. Dogo lilikuwa la Ijumaa: chai ya sukari, maandazi, na mara moja kwa mwezi wali wa samli na nyama. Kubwa lilikaa kwa shangazi yake, mtaa wa pili, ambaye hakuwa mtu wa kuombwa ombwa. Na kila fedha ilipotosha bati moja, tulilinunua hilo moja na kuliegemeza ukutani. Watoto waliyahesabu mabati kila walipotoka chuoni, na wakawa wao ndio wanaouliza, “Baba, la tisa lini?” Mwaka wa tatu tuliezeka. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati hatukuweza kusikilizana kwa kelele, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye nikirejea sura ya Nabii Yusuf (a.s.) nikaona kwamba jambo hili lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Yeye ni mfano wetu mkubwa wa kuweka akiba. Katika miaka saba ya neema aliamuru mavuno yaachwe katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Katika miaka saba ya dhiki watu watakula akiba, isipokuwa kidogo cha kuhifadhi. Kisha akabashiri mwaka wa mvua ambao watu watakamua. Tazama hizo “isipokuwa” mbili: hata katika kuweka watu hawakufungwa midomo, na hata katika kula ghala halikufagiliwa. Na mwisho wa safari pana furaha inayojulikana tangu mwanzo.

Basi katika haya yote nachukua mambo manne.

Kwanza, akiba iwe na jina, na ionekane. Anayeweka “kwa ajili ya siku moja” huchoka. Anayeweka kwa bati la tisa hachoki upesi.

Pili, starehe iwe na siku yake na chombo chake. Kopo la Ijumaa likiisha, limeisha. Lile kubwa haliguswi. Na mwezi mbaya ukija, punguza yote mawili wala usilivunje lolote, kwani amali ipendezayo mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa kidogo.

Tatu, kizibo kishikwe na mwingine. Ndiyo hekima ya upatu wa kina mama zetu: fedha iliyo mikononi mwa wenzako haichovywi usiku wa manane.

Nne, na hili nawaambia wanaume wenzangu, kipimo kiwe cha nyumba nzima. Wengi wetu tunaoisoma methali ya buyu kwa sauti kubwa ndio tunaokaa barazani kila jioni na kahawa na tende, tukidhani kidole chetu hakihesabiwi. Salman (r.a.) alimkumbusha ndugu yake Abu Dardaa (r.a.), aliyejinyima kupita kiasi, kwamba nafsi ina haki na ahli wana haki, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Haki ya ahli si bati peke yake. Na sukari ya Ijumaa pia ni haki yao.

Ziko nyumba, na tunazijua, ambazo hazina asali ya kuchovya wala ya kuweka. Kuzisomea methali nyumba hizo ni dhuluma. Dawa yake ni Zaka na sahani ya jirani. Maneno yangu ni kwa mwenye buyu, lijapokuwa dogo.

Basi methali ya wazee wetu ni nzuri, tusiitupe. Tuisome tu mpaka mwisho. Mtoto akiomba kashata, usimwambie “chovya chovya”. Mwambie, “Ijumaa, inshaallah”, na Ijumaa ikifika umpe. Hapo utakuwa umemfundisha kungoja, na kwamba ahadi ni kitu cha kweli. Mtoto anayeyajua hayo mawili hatahitaji bakora ya methali atakapokuwa na buyu lake.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atujaalie kuitumia kwa kipimo. Amin. Wabillahi tawfiq.