Bunduki Ndogo kwa Mpiga Shabaha wa Shoto: Namna ya Kuipima

Bunduki nyingi huundwa kwa kudhaniwa kwamba bega litakaloziegemeza ni la kulia, na ndiyo maana mashoto, yaani mtu anayetegemea mkono wa kushoto, aingiapo dukani huelekea kuulizia toleo lililogeuzwa kila kitu. Kwa bunduki ambayo mpigaji huikoki kwa mkono kabla ya kila risasi, ombi hilo lina haki yake. Kwa bunduki ndogo ya nusu-otomatiki, ambayo kila mvuto wa kifyatulio hutoa risasi moja na nguvu ya mlipuko huo huo ikairudisha nyuma bolti, ikatupa nje ganda tupu na kupakia risasi nyingine kutoka katika magazini, ombi hilo mara nyingi ni la bure, na wakati mwingine humnyima mnunuzi bunduki iliyo bora zaidi.

Risasi inayozungumziwa hapa ni .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, yenye kipenyo cha takriban milimita 5.6, na ambayo fataki yake, yaani kemikali ya kuwashia baruti, imefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda badala ya kukaa katikati. Ni risasi ya mazoezi ya shabaha na ya kuwinda wanyama wadogo kama sungura. Kabla ya ubora huja sheria ya mahali: nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 iliwapiga marufuku raia kumiliki bunduki za mtutu wenye mifuo zinazojipakia zenyewe, isipokuwa za .22 za aina hii, nazo hazimilikiwi bila cheti cha polisi.

Jambo la kwanza kupimwa si bunduki bali ni jicho. Karibu kila mtu ana jicho tawala, yaani lile ambalo ubongo hulitegemea zaidi katika kulenga, na wapo watu wa shoto wengi ambao jicho lao tawala ni la kulia. Kulitambua ni kazi nyepesi: mtu hunyoosha mikono, huacha tundu dogo kati ya viganja, hutazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha hufumba jicho moja moja, na jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo tawala. Mwanafunzi ambaye hajazoea bado bega lolote hufaidika zaidi akilifuata jicho kuliko mkono, na huenda akagundua kwamba hakuhitaji bunduki ya shoto hata kidogo.

Kwa yule ambaye jicho na mkono wake vyote ni vya kushoto, hoja nzito kuliko zote ni mahali ganda linapotokea. Mpigaji wa shoto huegemeza shavu lake upande wa kulia wa kitako cha bunduki, na tundu la kutolea maganda kwa kawaida liko upande huo huo, mbele kidogo ya uso wake. Bunduki nyingi za .22 za nusu-otomatiki hazina kifungo cha kuishikilia bolti wakati wa mlipuko, bali hutegemea uzito wake na nguvu ya springi, hivyo chemba hufunguka ikiwa bado na mabaki ya gesi na chembe za baruti, na ganda likipasuka kwenye ukingo wake mwembamba, gesi hiyo hutafuta njia ya kutokea. Miwani ya kinga, ambayo kila mpigaji anatakiwa kuivaa, kwa huyu haina mjadala. Kipimo cha kweli hufanyika kiwanjani, kwa risasi za watengenezaji kadhaa, huku mtu wa pembeni akiangalia maganda yanapoangukia: bunduki njema huyarusha kulia na mbele kidogo kwa umbali usiobadilika sana, ilhali ile inayoyarusha nyuma, au leo mbali na kesho karibu, huenda ina ndoano ya kuvutia ganda au kitupio cha kulirushia nje kilichochakaa, na haimfai mashoto hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Ipo bunduki iliyolimaliza tatizo hilo tangu zamani. John Moses Browning alibuni bunduki ndogo ya .22 ambayo kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilianza kuitengeneza mwaka 1914, na ambayo maganda yake hutokea chini, mbele ya kifyatulio, hivyo uso wa mpigaji wa bega lolote hubaki salama. Kasoro zake ni ndogo: ganda la moto huweza kuangukia mkono ulioshikilia bunduki, na darubini huwa na shida ya kukaa vizuri kwa sababu mtutu hutenganishwa na mwili wa bunduki. Hata hivyo ni vigumu kuitaja nyingine iliyomtendea mashoto haki kiasi hicho bila hata kutangazwa kuwa ni yake.

Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964 na kuenea kuliko nyingi, ni bunduki ya kulia kwa kila hali, lakini inastahili kutazamwa kwa makini. Mkono wa kukokia uko kulia, nao huonekana kuwa kikwazo hadi pale inapokumbukwa kwamba mashoto hushika kifyatulio kwa kushoto, kwa hiyo mkono wake wa kulia ndio ulio huru, na anaweza kukoki bila kuachia mshiko, jambo ambalo mwenzake wa kulia halipati kwa urahisi huo. Kampuni ya Savage ilipotoa toleo la shoto la bunduki yake ya Model 64, ganda na mkono wa kukokia vyote vilihamia kushoto. Uso ulipata nafuu ya kweli, lakini wepesi huo wa kukoki ukapotea.

Kitako hupimwa kwa macho kufumbwa: mpigaji huinua bunduki iliyothibitishwa kuwa tupu, huiweka begani, kisha hufumbua macho, na jicho la kushoto linatakiwa kujikuta tayari kwenye mstari wa kulengea. Kitako chenye uvimbe wa shavu upande wa kushoto au kilichopindishwa kidogo kumfuata mtu wa kulia kitamlazimisha mashoto kupinda shingo. Kilichonyooka, kinachofanana pande zote, ndicho cha kuchagua.

Kinachobaki ni kizuizi cha usalama. Katika Remington Nylon 66 ya mwaka 1959 kizuizi hiki kiko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, kikisukumwa kwa kidole gumba cha mkono wowote, na huo ndio mpango bora. Katika bunduki nyingi nyingine ni kitufe kinachopenya karibu na kifyatulio, kinachosukumwa kutoka kulia kwenda kushoto ili bunduki iwe tayari kufyatuka; kidole cha shahada cha mashoto, kilicho upande wa kushoto, hufunga kwa urahisi lakini hufungua kwa taabu. Baadhi ya vitufe hivyo huweza kugeuzwa na fundi wa bunduki, na ni matengenezo yanayofaa iwapo bunduki ni ya mtu mmoja. Ikiwa itatumiwa na kundi zima la wanamichezo, ni salama zaidi kukiacha kilivyo, kwa kuwa mtu wa kulia aliyezoea kusukuma kuelekea kulia ili kufunga, katika bunduki iliyogeuzwa atakuwa ameifungua.