Mizani, Fumbo na Mwitikio: Jinsi Ushairi Ulivyotibu Dhiki

Mwaka 1906, misheni ya Masasi ikiwa imekwisha kuchomwa moto mwaka mmoja nyuma katika vita vya Majimaji, na vijiji vingi vya kusini vikiwa bado katika matanga, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alipita Masasi akapanda nyanda za juu za Wamakonde mpaka Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti kwa silinda za nta. Nyimbo alizozinasa zilikuwa za ngoma, za kazi na za safari, wala hazikuletwa kwake kwa jina la dawa. Walakini umbo lake ndilo nitakalolifuata hapa, maana aghalabu ni maneno machache ya mtangulizi mmoja, yakapokewa na wengi, yakarudiwa mara baada ya mara mpaka yakawa mali ya wote waliosimama pale.

Watu wengi hunena siku hizi kwamba ushairi ni tiba ya nafsi, nami nasadiki hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini wanenapo hayo humfikiri mshairi kuwa ni mtu aliyejaa huzuni akaimwaga, ilhali nguvu ya kuponya, kwa nionavyo, imo katika kanuni anazozishika wakati wa kuimwaga. Ushahidi ulio bayana kupita wote katika lugha yetu ni *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyehukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, akatengwa peke yake, asiruhusiwe karatasi, akawa akiandika beti zake juu ya karatasi za chooni, mpaka zikachapishwa kitabu mwaka 1973.

Tutazame jinsi kazi ilivyofanyika. Shairi la desturi hudai mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane huku na nane huku, na vina vya kati na vya mwisho. Na mtu aliyefungwa, ambaye siku yake haina kipimo, hupata hapo kazi yenye mwanzo na mwisho. Neno linalotoka kwanza kwa uchungu mara nyingi halitimizi mizani: mtunzi hana budi kulirudisha, atafute jingine lenye silabi na kina kinachotakiwa, na katika kulitafuta hulazimika kuutazama uchungu wake upande huu na upande ule, hili silo, na lile silo, mpaka apate linaloueleza sawasawa. Mtu aliyeutazama uchungu wake hivyo hauogopi tena kama alivyouogopa jana. Fauka ya hayo, vina huyafunga maneno katika hifadhi ya moyo, jambo kubwa kwa asiye na daftari.

Kisha yako mafumbo. Katika shairi la Abdilatif la «Mamba», ambalo kipande chake kifupi cha mizani minne hufuatwa na kirefu cha mizani minane, kama pumzi inayokatika ikarudi, dhuluma imetolewa kifuani mwa mtunzi ikawekwa mtoni, ikawa mnyama mwenye kujivunia nguvu zake, anayeweza kutazamwa kwa mbali na kuambiwa la kuambiwa. Na la ajabu zaidi kwangu ni lile la mnazi, ambamo ndugu wawili, mmoja juu ya mti na mwenziwe chini, wanalumbana juu ya haki ya mnazi huo. Wasomaji wengi wameliona kuwa ni siasa, nao wamesema kweli. Lakini naomba tukumbuke kwamba aliyelitunga alikuwa peke yake, akamwumba wa kusema na wa kumjibu.

Huko Marekani, mwaka 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenziwe waliwataka wanafunzi waandike juu ya masaibu yao dakika kumi na tano kila siku kwa siku nne. Na wale walioeleza mambo yaliyowapata pamoja na hisia zao walipungukiwa na haja ya kwenda zahanati katika miezi iliyofuata, ijapokuwa mara tu baada ya kuandika huzuni yao ilizidi. Hadhari hiyo ishikwe vema na kila atakaye kutibu kwa njia hii. Lakini maandishi yale hayakuwa na mizani, wala hayakuwa na mpokezi.

Kwa hiyo anayetaka kumfariji mama aliyefiwa, awe Newala au Masasi, naona asimpe kalamu na kumwacha chumbani. Aanze na mwitikio kabla ya kisa: mshororo mmoja mfupi ambao mama mwenyewe ameukubali, na ambao jamaa na majirani wanaweza kuupokea hata sauti yake ikikatika. Beti za kisa zije baadaye, kidogo kidogo, kwa kadiri anavyoweza, wala asihimizwe kwa kuwa jana alilia sana. Na lugha iwe ile anayolilia, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, hata kama hesabu ya mizani yake haifuati arudhi ya pwani.