Namna ya Kutambua Ngao Njema ya Darubini ya Angani

Mkazi wa Kazimia, ambaye katika Kivu yake huchimbwa koltani na mawe ya bati, ana haki ya kujua jinsi ya kuhukumu kazi adhimu inayofanywa kwa madini ya jinsi hiyo: ngao inayokinga vipokezi vya darubini za angani visifikiwe na eksirei zilizopotea njia, yaani zile zisizotoka katika nyota inayotazamwa, bali hupenya ubavuni zikafisidi hesabu.

Sharti la kwanza ni mlango wa miali, uwe mwembamba. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, haikuwa na kioo cha kukusanya miali. Ilitazama mbingu kwa vijia vyembamba, upande mmoja vikiruhusu upana wa nusu digrii tu, na kwa ubahili huo orodha yake ya mwisho ilifikia vyanzo 339 vya eksirei.

Sharti la pili, nalo ndilo kuu, ni mpango wa matabaka. Asiyejua husifu unene. Ajuaye huuliza kipi kimetangulia. Madini yakipigwa na eksirei huzimeza, kisha hutoa eksirei zake yenyewe zilizo dhaifu zaidi: tantali, itokayo katika koltani, hutoa za elektronivolti 57,000 hivi, bati huzimeza hizo na kutoa za 25,000, shaba huzimeza za bati na kutoa za 8,000. Kwa hiyo madini mazito yakae nje na mepesi ndani, kila tabaka likizima mabaki ya lililotangulia, kwani mpango ukipinduliwa ngao yenyewe hugeuka adui wa kipokezi. Darubini Swift, iliyorushwa 2004, ilivikwa chini ya vipokezi vyake risasi, tantali, bati na shaba kwa utaratibu huo, na ngao ikapunguza miali ya ovyo kwa asilimia 95 hivi.

Sharti la tatu ni maungio. Kama vile mnunuzi wa mtumbwi wa mbao asivyopima unene wa ubao kabla ya kukagua kalafati, nawe tazama kwanza pale vipande vinapokutana: vipandiane, wala pasiwe na ufa ulionyooka, na tundu la waya lipinde kona, maana eksirei hazipindi.

Sharti la nne ni uzito, kwa kuwa kila kilo hulipiwa hadi angani. Darubini NuSTAR ya 2012, yenye mlingoti wa mita 10 usiofunikwa, ilipata wepesi lakini ikakubali miali ya nyota za kando. Hiyo ni suluhu, si uzembe, na wanajimu wameifanya miali hiyo kuwa somo.

Basi ukiletewa ngao mbili za uzito mmoja, ya risasi tupu yenye ufa mnyoofu mrudishie fundi. Chagua ile yenye matabaka yaliyofuatana na maungio yaliyopandiana.