Soda za Kikao Nani Analipa?

Saa mbili usiku, Jumamosi moja ya Desemba, tulikuwa watu 18 tumezunguka meza tatu za plastiki katika ukumbi wa kuazima jijini Dar es Salaam. Mezani palikuwa na ndoo tatu za michango za lita 20, kila moja mfuniko wake umetobolewa kwa kisu cha moto na kukazwa kwa kamba ya plastiki yenye namba. Kila ndoo ina wawili wa kuhesabu na wa tatu wa kuandika, na hakuna kubadilishana viti. Sarafu za 500 zinapangwa kumi kumi mpaka zinasimama kama vijinara, za 200 upande wake; noti zilizokunjwa kama sambusa zinanyooshwa kwa kiganja. Ndoo zile ni za klabu ya wafanyabiashara na wastaafu wanaokutana kila wiki na kujitolea kwa kazi za jamii, na mimi nilialikwa kusaidia tu.

Katikati ya kuhesabu zikaingia soda 18 za baridi. Kijana aliyezileta akanyoosha mkono kwenye ndoo ya kwanza achukue elfu 18 akamlipe mwenye duka. Mama mweka hazina, mhasibu mstaafu mwenye miwani ya kamba, akaweka rula juu ya ule mkono.

“Mama, si gharama za kazi hizi?”

“Gharama za kazi ni ndoo na kamba, mwanangu. Soda ni kiu yako.”

Nilicheka na wenzangu, nikaona ni ubahili wa kizee. Baadaye nilipoanza kufuatilia jinsi klabu za huduma zinavyochangisha fedha za sikukuu na kuzigeuza kuwa miradi, niligundua kuwa ile rula ndiyo mtambo wenyewe. Kengele, fulana na picha za mwenyekiti akikabidhi unga ni mapambo yake.

Tuanze na kanuni. Lions Clubs International, iliyoanzia Chicago mwaka 1917 kwa juhudi za wakala wa bima aitwaye Melvin Jones, inataka kila klabu itenganishe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la uendeshaji: ada za wanachama, chakula cha mkutano, nauli, beji. Fungu la pili ni la umma, na kila kilichochangwa na watu wa nje ya klabu kinakaa humo na kurudi kwa jamii. Gharama za moja kwa moja za shughuli ya kuchangisha zinaruhusiwa kukatwa, kama vile kununua bidhaa inayouzwa au kuchapa tiketi. Daraja la kuvukia kutoka fungu la pili kwenda la kwanza halipo. Rotary nayo, kaka yake mkubwa wa mwaka 1905, inazielekeza klabu zake zitenge bajeti ya uendeshaji na bajeti ya huduma.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ameshaelewa kwa nini jambo hili ni zito. Vikao vinakuwa kumi, na kila kikao kina mishikaki. Hakuna aliyeiba, na ukikagua daftari kila mshikaki una risiti yake. Lakini siku ya sherehe keki imepungua ghorofa moja, na aliyechanga laki moja anaulizana na jirani yake fedha zilikwenda wapi. Mwaka unaofuata akiletewa kadi ya mchango anaiweka chini ya redio. Kamati ya harusi inaweza kumudu hasara hiyo kwa kuwa bwana harusi haoi kila Desemba. Klabu inarudi kwa watu wale wale, kona ile ile, mwaka baada ya mwaka, na kinachochangisha ndoo ya mwaka huu ni kumbukumbu ya ndoo ya mwaka jana.

Kwa nini Desemba? Jibu la haraka ni kwamba watu huwa wakarimu wakati wa sikukuu, na halitoshi. Tutazame chungu kimoja cha zamani. Mwaka 1891 huko San Francisco, kapteni wa Jeshi la Wokovu aitwaye Joseph McFee alitaka kuwalisha maskini elfu moja siku ya Krismasi na hakuwa na fedha. Aliwahi kuwa baharia, akakumbuka chungu cha michango alichokiona gatini Liverpool. Akatundika chungu chake juu ya miguu mitatu kwenye kituo cha pantoni za Oakland, mwishoni kabisa mwa barabara ya Market. Anayesubiri pantoni amesimama, chenji ya nauli bado iko mkononi, na chungu ni chombo cha kupikia, kwa hiyo haihitaji hotuba kueleza fedha inakwenda wapi. Vyungu vya namna hiyo, vyekundu, bado vinasimama Marekani kila mwaka, na katika miji mingi wanaopokezana kupiga kengele kando yake ni wanachama wa klabu za huduma kama Rotary na Kiwanis, kwa zamu za saa chache.

Mwaka 1907 Emily Bissell wa Wilmington, jimbo la Delaware, alitafuta dola 300 za kuokoa hospitali ndogo ya kifua kikuu kando ya mto Brandywine. Alichukua wazo la Denmark, ambako karani wa posta Einar Holbøll alianzisha stempu za hisani za Krismasi mwaka 1904, akachapisha za kwake na kuziuza senti moja moja. Zilipata takriban dola 3,000, mara kumi ya alichohitaji. Watu walikuwa wanatuma kadi hata hivyo. Yeye aliongeza senti juu ya tendo lililokuwapo.

Pwani yetu ina mfano wa zamani kuliko mifano hiyo yote, nao ni zaka ya fitri. Kipimo kinajulikana, pishi ya chakula cha mahali kwa kila kichwa. Anayetoa anajulikana, na mkuu wa nyumba huwatolea hata watoto. Muda nao una ukingo mkali: ikipita sala ya Idi inahesabiwa kuwa sadaka ya kawaida. Hakuna mchangishaji wa mjini mwenye kompyuta aliyewahi kubuni kitu kilichonyooka namna hii. Kiasi kikiwa wazi, mtu haanzi kupiga mahesabu ya aibu kichwani, kwamba akitoa elfu mbili ataonekanaje. Saa ya mwisho ikiwa wazi, hasemi kesho. Klabu nyingi hapa kwetu hupeleka vikapu vya futari mwezi wa Ramadhani, lakini zikichangisha huandika “changia chochote ulicho nacho”. Hilo naliona ni kosa la kiufundi. “Chochote” si kipimo. Wangeandika kikapu kimoja ni shilingi kadhaa na kinalisha nyumba moja siku kadhaa, wangepata zaidi.

Biashara ngumu kuliko zote za msimu wa Desemba ni ile ya kuuza miti ya Krismasi, ambayo klabu nyingi za Marekani na Kanada zinaitegemea. Miti yenyewe ni misonobari na ndugu zake, si mkrismasi wetu wa maua mekundu. Klabu inaagiza kwa mkulima miezi mingi kabla. Mizigo inafika karibu na Siku ya Shukrani ya Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na kushushwa kwenye uwanja ulioazimwa bure, mara nyingi wa kanisa au duka. Wanachama wanauza kwa zamu bila malipo, wamevaa glavu, mmoja ana msumeno wa kupunguza shina. Tarehe 25 asubuhi, mti uliobaki ni kuni.

Tuchukue hesabu ya mfano ili tuone kilichofichika. Klabu imenunua miti 200 kwa dola 40 kila mmoja, jumla 8,000, na inauza kwa 75. Mpaka ifikie mti wa 107 haijapata hata senti ya mradi. Imerudisha mtaji tu. Ikiuza miti 150, faida ni dola 3,250. Ikiuza yote 200, faida ni 7,000. Kwa hiyo miti 50 ya mwisho inabeba zaidi ya nusu ya faida yote, na ndiyo inayouzwa wiki ambayo wanachama wamechoka, baridi imeuma, na kila mmoja anadhani mwenzake atashika zamu.

Inafuata bei ya mwisho. Tarehe 22 imebaki miti 30. Mjumbe mmoja anasema tusishuke chini ya 40, tutauza kwa hasara. Amekosea, maana zile 40 zilishalipwa na hazirudi kwa kuushika mti. Mti utakaokuwa kuni baada ya siku tatu ukiuzwa 15, hizo 15 zote ni chakula cha mtu. Mama wa nyanya pale soko la Ilala hahitaji kufundishwa hili. Saa kumi na moja jioni fungu linaongezwa nyanya mbili na bei inashuka, kwa sababu nyanya haitalala. Tofauti ni kwamba mama yule ni mmoja, anaamua palepale. Klabu ina kamati, na kamati ikikutana tarehe 27 kujadili punguzo, imekutana kufanya matanga. Klabu zinazojua kazi hii humpa msimamizi wa uwanja mamlaka ya bei mapema, kwa maandishi.

Hapo pia mafungu mawili yanaingia kazini. Dola 8,000 za kununulia miti ni gharama halali ya kukatwa kwenye mauzo. Chakula cha usiku cha kuwapongeza wauzaji si halali, hata wakiwa wamesimama kwenye theluji wiki nne. Watatoa mfukoni, au ada zao zitalipa.

Siku hizi ndoo imepata ndugu, namba ya simu. Jeshi la Wokovu lilianza mwaka 2019 kuweka kwenye vyungu vyake namna ya kulipa kwa simu, na sisi tulioanza na M-Pesa, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hatukuhitaji kusubiri Marekani. Ila kuna kitu kidogo ambacho wachangishaji wetu wanakidharau. Kabla hujathibitisha malipo, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Likitokea jina la klabu kwenye lipa namba, unabonyeza. Likitokea jina la mtu binafsi, hata kama ni mweka hazina mwaminifu kuliko wote, kidole kinasita. Nimemwona mtu pale Mlimani, jijini Dar es Salaam, akirudisha simu mfukoni kwa sababu hiyo hiyo, akatoa noti ya elfu moja badala ya ile elfu kumi aliyokuwa ameshaiandika. Kasoro ya jina iligharimu elfu tisa, na hakuna daftari litakaloionyesha.

Fedha zikishapatikana, mradi gani? Hapa klabu nyingi huteleza, maana mradi unaochaguliwa ni ule unaopigwa picha vizuri. Mradi wa kwanza wa Rotary ya Chicago, ulioanza kushughulikiwa mwaka 1907, haukuwa na sura ya kupigwa picha: vyoo vya umma katikati ya mji. Waliopinga walikuwa wenye baa na wenye maduka makubwa, kwa kuwa vyoo vyao vilikuwa chambo. Unaingia kwa haja, unatoka umenunua bia au kitambaa. Klabu haikujaribu kujenga kwa ada zake. Ilizikutanisha taasisi nyingine, ikaibana serikali ya mji mpaka vyoo vikajengwa. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha klabu ndogo ina nguvu gani hasa. Fedha zake ni chache. Watu wake wanajulikana na ofisi nyingi.

Kwa miradi mikubwa Rotary imeuweka mtindo huo kwenye kanuni. Ruzuku yake ya kimataifa inahitaji bajeti ya mradi isiyopungua dola 30,000, klabu ya mahali penye mradi na klabu ya nchi nyingine zishikane, na uchunguzi wa mahitaji ya jamii ufanyike kabla. Ndoo zetu tatu peke yake zisingefika huko. Ila zinaweza kuwa mchango wa kwanza unaomwezesha mwenyeji kukaa mezani na wenzake.

Kwa upande wa visima, ambavyo klabu zetu zinavipenda mno, mtego uko baada ya utepe kukatwa. Pampu ya mkono ina mipira inayolika, na mpira mmoja ukilika kijiji kizima kinarudi mtoni. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, huduma ya maji vijijini Tanzania iko mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, vinavyotoza maji na kutunza fedha za matengenezo. Klabu inayochimba bila kukabidhi kisima kwa chombo hicho imechimba shimo lenye bango. Na fedha za sikukuu zina udhaifu wake: aliyezitoa Desemba anataka kuona kitu Januari, wakati kisima kizuri kinadai mazungumzo ya miezi. Ndiyo maana naona vikapu vya chakula, miwani na ada za mtihani vinaifaa zaidi ndoo ya Desemba kuliko kisima. Visima vitafutiwe mbio za Oktoba, siku ya Nyerere, ambapo Rotary ya Dar es Salaam imejenga utamaduni wake wa mbio za hisani.

Tukirudi ukumbini, yule kijana alirudisha mkono, akajipapasa mifukoni, akatoa elfu moja. Tukafuata wengine, elfu moja moja, mpaka zikatimia 18. Mama akaziandika kwenye daftari la kijani, la uendeshaji, akakata risiti, akamkabidhi kijana fedha za kumpelekea mwenye duka. Kisha akaondoa rula juu ya meza na kuanza kupigia nayo mstari chini ya jumla ya ndoo ya kwanza. Ndoo ya tatu ilikuwa bado imefungwa.